Lenzi kwa Bei ya Pikipiki: Namna ya Kumiliki Vifaa vya Picha Bila Kuingia Madeni

Lenzi ya milimita 70 hadi 200 inayofungua mpaka f/2.8, ile ndefu nyeupe unayoiona mikononi mwa wapiga picha wa mpira pale Uwanja wa Mkapa, ikiwa mpya inapita bei ya pikipiki mpya ya bodaboda. Na bodaboda hulisha nyumba. Lenzi ya mtu anayepiga picha kwa mapenzi tu hainunui hata kilo ya sembe. Ndiyo maana jioni nikiwa Forodhani, Unguja, nikiwasubiri vijana wanaojirusha baharini kutoka ukutani, hakosekani mtu wa kunisogelea na kuuliza: "Kaka, hiyo mashine bei gani?" Nikimtajia, swali la pili huja lenyewe: "Kwani unafanya kazi wapi?"

Nafundisha hesabu shule ya sekondari, Dar es Salaam. Mshahara wangu ni wa mwalimu, na una wenyewe wanaousubiri kila mwisho wa mwezi: mwenye nyumba, ada za watoto, wazee kijijini. Hata hivyo nina bodi mbili za kamera na lenzi nne, na sidaiwi na mtu. Nakuandikia wewe ambaye umeanza kuamini kwamba picha ni mchezo wa matajiri. Nakuandikia zaidi wewe uliye njiani kwenda kukopa.

Pesa inayotoka na pesa inayopotea

Bei ya kamera si ile unayomhesabia muuzaji. Bei yake ni ile itakayokuwa imepotea siku utakapoiuza. Tuseme umenunua lenzi iliyotumika kwa shilingi 600,000, ukaipigia picha miaka mitatu, kisha ukaiuza 500,000. Umetumia laki moja kwa miaka mitatu, yaani haifiki shilingi mia kwa siku. Bando la intaneti linakula zaidi ya hapo. Lakini ukinunua bodi mpya iliyotoka mwaka huu, ukakaa nayo miaka hiyo hiyo mitatu, unaweza kupoteza nusu ya pesa yako hata kama haina mkwaruzo mmoja.

Sababu yake inaeleweka. Bodi ni kompyuta yenye tundu la kuingizia mwanga, nayo huzeeka kama kompyuta: kila mwaka kampuni inatoa nyingine, na ile ya jana inashuka bei. Lenzi ni vioo ndani ya mrija. Mwanga wa leo ni ule ule wa mwaka 1987, Canon ilipoanzisha maunti ya EF, yaani ule mdomo lenzi inapofungwa kwenye bodi. Lenzi ya EF ya mwaka huo bado inafunga kwenye DSLR yoyote ya Canon, yaani kamera ya kidijitali yenye kioo cha ndani, na kwa kutumia adapta inafanya kazi hata kwenye zile kamera zisizo na kioo cha ndani, mirolesi, za maunti ya RF zilizoanza mwaka 2018.

Itazame Canon EOS 5D ya kwanza. Ilitoka mwaka 2005 kwa dola 3,299 bila lenzi, ikiwa na sensa ya fremu kamili na megapikseli 12.8. Ilipiga harusi, ilipiga vita, ilipiga majalada ya majarida. Leo iliyotumika haifiki hata sehemu moja ya kumi ya bei ile. Picha zake hazijaharibika kwa sababu miaka imepita. Aliyeinunua siku ya kwanza ndiye aliyebeba hasara yote, na sisi tunaokuja nyuma tunapokea kamera ambayo mtu mwingine ameshailipia uzee wake.

Kwa hiyo ukinikamata njiani na kunitaka ushauri wa dakika moja, nitakwambia: bodi nunua kongwe, lenzi nunua nzuri. Na kama unatamani DSLR, umekuja wakati mzuri. Tangu Canon na Nikon zilipoingia kwa nguvu kwenye mirolesi mwaka 2018, wapiga picha wa harusi wamekuwa wakihama mmoja mmoja, na wanapohama wanauza. Sokoni zimejaa kamera ambazo miaka kumi iliyopita tulikuwa tunazitazama tu kupitia kioo cha duka.

Picha ndizo ziombe kifaa

Kabla ya kuuliza bei ya chochote, kaa miezi miwili na ulichonacho. Simu inatosha. Kama una bodi na ile lenzi ndogo ya milimita 18 hadi 55 inayouzwa pamoja nayo, tumia hiyo. Nunua daftari la kurasa arobaini. Kila picha iliyokushinda, iandike: nilitaka kupiga nini, nini kilinizuia.

Mimi nilifanya hivyo, na daftari lilinishangaza. Nilikuwa nimeshajiaminisha kwamba nahitaji lenzi ndefu. Ukurasa baada ya ukurasa uliniambia jambo jingine: giza. Bibi yangu jikoni, mwanga ukitoka mlangoni tu. Wazee wakicheza bao barazani baada ya magharibi. Mwanangu amelala. Picha zote zimetikisika au zimejaa chengachenga. Simba sikuwa nimekutana naye hata mmoja kwa miezi hiyo miwili, ila giza nilikutana nalo kila siku.

Dawa ya giza ni ya bei nafuu kuliko zote. Ni lenzi ya milimita 50 inayofungua hadi f/1.8. Ile ya Canon iitwayo STM ilitoka mwaka 2015 kwa dola 125. Lenzi ya 18 hadi 55 ukiivuta mpaka mwisho hufungua f/5.6 tu, na ukipiga hesabu utaona kwamba f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara kumi zaidi. Mara kumi! Hakuna bodi mpya ya mamilioni itakayokupa zawadi hiyo. Kwa kamera zenye sensa ndogo, 50 inakuwa na upeo mwembamba kidogo, nzuri kwa sura za watu, lakini chumbani utagota ukutani ukirudi nyuma. Mwenye Nikon ya sensa ndogo atazame ile ya milimita 35, f/1.8, ya mwaka 2009.

Mohamed Amin, yule mpiga picha aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza utotoni na Box Brownie iliyokwisha kutumika, kamera ya kisanduku isiyo na karibu kitu chochote cha kurekebisha. Mwaka 1963 akafungua Camerapix hapa hapa Dar es Salaam. Mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliufikia ulimwengu mzima. Simtaji ili nikwambie vifaa havina maana, kwa kuwa vina maana, na yeye mwenyewe baadaye alifanya kazi na vifaa bora. Namtaja kwa ajili ya mpangilio: jicho lilitangulia, vifaa vikafuata.

Kuchanga

Sasa pesa. Usiitoe kwenye mshahara kwa mkupuo, kwa sababu mkupuo huo haupo. Itoe kwa vijisehemu ambavyo nyumba haitavihisi. Shilingi 2,500 kwa siku ni 75,000 kwa mwezi wa siku thelathini, na kwa mwaka ni zaidi ya laki tisa. Kwa laki tisa unapata bodi kongwe na lenzi ya 50, ukitafuta kwa subira. Mimi nilikuwa nakunywa soda mbili na kula chapati kila siku saa nne shuleni. Niliacha soda, chapati nikabaki nayo.

Weka pesa hiyo mahali ambapo mkono wako hauifikii kirahisi. Kibubu cha mbao kilichopigiliwa misumari kinafaa. Kinachofaa zaidi ni mchezo, au upatu, na Kenya wanasema chama. Ubora wa mchezo ni aibu. Kibubu ukikivunja hakikwambii kitu, lakini watu kumi mnaochangiana, na kijumbe anayepita kukusanya kila Ijumaa, hutaki wakuone ukikwepa. Omba zamu za mwishoni. Wenye dharura watafurahi kupokea kwanza, na wewe utakuwa umepata muda wa kutafuta kifaa unachokitaka badala ya kukimbilia cha kwanza kinachojitokeza kwa sababu pesa inawasha mfukoni.

Mkopo, sikushauri. Tena mikopo ile ya kausha damu, ya kulipa kila siku au kila wiki, iepuke kabisa. Nimeona kamera nzuri ikichukuliwa na wakopeshaji kwa deni lililokuwa dogo mwezi wa kwanza. Mfanyabiashara anaweza kukopa kwa sababu kamera yake italeta pesa Jumamosi ijayo. Yako wewe italeta picha ya machweo. Machweo hayalipi riba.

Njia nyingine ambayo watu wa kwetu hawaitumii vya kutosha ni kununua kwa pamoja. Mimi na wenzangu wawili tuna lenzi moja ya milimita 150 hadi 600 kwa ajili ya ndege na wanyama. Hakuna kati yetu anayekwenda hifadhi ya Mikumi zaidi ya mara mbili au tatu kwa mwaka, kwa hiyo kila mmoja kuwa na yake ingekuwa kuziweka kabatini zizeeke. Tulipatana mambo machache na tukayaandika kwenye karatasi, tukatia saini wote: lenzi inakaa kwa nani na kwa muda gani, ikianguka mikononi mwa mtu analipa nani, na mmoja akitaka kujitoa analipwaje. Hili la mwisho ndilo watu hulisahau na ndilo linalovunja urafiki. Kwetu anayejitoa hulipwa theluthi ya bei ya soko ya siku hiyo, si ya bei tuliyonunulia. Sharti jingine halina mjadala: wote muwe na maunti moja. Mwenye Canon na mwenye Nikon hawawezi kuoana kwenye lenzi moja.

Kununua iliyotumika

Hapa ndipo pesa ya miezi kumi na miwili inaweza kupotea kwa robo saa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nianze na yaliyonipata. Lenzi yangu ya pili niliinunua usiku, kwenye gari la muuzaji, karibu na kituo cha daladala. Bei ilikuwa nzuri mno na jamaa alikuwa na haraka. Niliivaa kwenye bodi, nikapiga picha mbili za taa za barabarani, nikalipa. Asubuhi nilipoielekeza dirishani nikaona ndani ya kioo nyuzi nyembamba kama utando wa buibui. Fangasi. Fundi niliyempelekea aliitazama sekunde tano akaniambia, "Mwalimu, hii imeshakula mpaka rangi ya kioo." Simu ya muuzaji haikupokelewa tena. Fedha ile ilikuwa mchezo wa mwaka mzima, na inaniuma mpaka leo.

Basi, nenda mchana. Toa lenzi kwenye bodi, fungua tundu lake lote, imulike kwa tochi upande mmoja huku ukitazama upande wa pili, kisha geuza. Vumbi kidogo si tatizo, kila lenzi iliyotumika inalo. Mkwaruzo mdogo kwenye kioo cha mbele mara nyingi hauonekani kwenye picha; tumia mkwaruzo huo kupunguza bei. Utando, ukungu mweupe usiofutika au mabaka kama mafuta yaliyoganda ni sababu ya kushukuru na kuondoka. Huku kwetu pwani, kuanzia Mombasa mpaka Mtwara, hewa ya unyevu ndiyo adui mkubwa wa lenzi, na lenzi nyingi zinazouzwa rahisi zinauzwa kwa sababu hiyo. Zungusha kila pete: isiwe na mchanga ndani, isilegee.

Bodi ina maswali mengine. La kwanza ni shata, kile kipazia kinachofunguka na kufungwa kila unapopiga. Kina umri wake. Nikon D7000 na Canon 5D Mark II zilipimwa na watengenezaji kwa mapigo 150,000, na bodi ndogo za kuanzia kwa kawaida ni 100,000. Si kwamba inakufa ikifika hapo. Nyingine hupita mbali na nyingine hazifiki. Ila mpiga harusi anayepiga picha 2,000 kila Jumamosi anamaliza 100,000 ndani ya mwaka, kwa hiyo kamera inayong'aa inaweza kuwa imechoka kuliko ile iliyochubuka. Kwenye Nikon hesabu hiyo imeandikwa ndani ya faili la picha. Programu ya bure ya ExifTool inaisoma. Kwenye Canon nyingi haimo katika faili, utahitaji waya na programu ya kompyuta, au fundi mwenye navyo. Muuzaji anayekataa usipime, mshukuru na yeye.

Baada ya hapo, weka f/16 au f/22, piga ukuta mweupe au anga tupu, na uikuze picha. Madoa yanayofutika ni vumbi kwenye sensa. Mstari usiofutika ni mkwaruzo, na sensa yenye mkwaruzo haina dawa ya bei ndogo. Jaribu flashi juu ya kamera, jaribu kila kitufe, ingiza memori kadi utoe uingize tena. Betri ikivimba au ikishika kwa shida, ni bandia au imezeeka, na bei ishuke. Uwe na kadi yako mwenyewe, maana kadi bandia zimejaa: imeandikwa GB 64, ndani ina 8, nawe utagundua siku ya kipaimara cha mtoto wa dada yako. Programu ya bure ya H2testw itakwambia ukweli kabla ya siku hiyo.

Mtego wa Nikon unawanasa wengi. Bodi za familia ya D3000 na D5000, kama D3300 au D5300, hazina mota ya kuzungushia lenzi ndani yake. Ukizifungia lenzi ya 50 iliyoandikwa AF-D, italazimu uzungushe pete ya fokasi kwa mkono. Tafuta iliyoandikwa AF-S, au chukua bodi kama D7000 yenye mota yake. Upande wa Canon, lenzi ya EF inaingia kwenye bodi za DSLR ndogo na kubwa, lakini ya EF-S haiingii kwenye zile za fremu kamili kama 5D. Nunua EF tangu mwanzo ikiwezekana, ili siku ukipanda bodi usilazimike kubadilisha kila kitu.

Uliza kamera ilitoka wapi. Risiti, boksi, namba ya utambulisho iliyogongwa chini ya bodi: linganisha. Kununua mali ya wizi kunaweza kukuingiza matatani kisheria hata kama ulilipa pesa halali. Andikishianeni hata kwa karatasi ya daftari, majina mawili, namba ya kamera, tarehe, na ulipe kwa simu ili muamala ubaki. Wapi pa kununua? Kariakoo utapata, ila ingia na mtu anayejua, kwa sababu winga atakayekupokea mlangoni ana asilimia yake juu ya bei. Mimi napenda kununua kwa mpiga picha anayefahamika mtaani, mtu mwenye studio na kibao. Atauza ghali kidogo, lakini kesho yupo.

Kuhusu ndugu aliyeko Dubai au Muscat: ndiyo, huko bei ya mpya mara nyingi ni ndogo, na shemeji akija likizo anaweza kukuletea. Kumbuka mambo matatu. Forodha wana haki yao, na VAT peke yake ni asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya, juu ya ushuru. Dhamana ya kule mara nyingi haifanyi kazi huku. Na Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani huja na menyu ya Kijapani tu. Mwambie shemeji aiwashe dukani kabla ya kulipa.

Tena kuna hazina ndogo ambazo hakuna anayezitangaza. Ukisikia mzee aliyesoma Urusi miaka ya 70 ana kamera ya Zenit kabatini, nenda kamsalimie. Huenda mbele yake pana Helios 44, lenzi ya milimita 58 inayofungua f/2. Kwa adapta ya bei ya sahani ya biriani inafunga kwenye Canon. Utazungusha kwa mkono, utakosea sana, na sura za watu zitatoka na mandharinyuma yanayozunguka kama maji ya kisima. Kwenye DSLR za Nikon lenzi hizo hazioni mbali bila kioo cha ziada, kwa hiyo huko usijisumbue.

Kukodi, kuazima, kutengeneza

Kifaa utakachokihitaji siku mbili kwa mwaka kikodi. Studio nyingi za Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa zinakodisha kwa siku, zikishika kitambulisho na amana. Kodi pia kabla ya kununua kitu chochote kikubwa: mwishoni mwa wiki moja na lenzi nzito ya 70 hadi 200 shingoni pamewaponya wengi tamaa yake, na wengine pamewathibitishia kwamba ndiyo hasa. Vyote viwili ni majibu yenye thamani.

Vingine usinunue. Kirejeshi cha mwanga ni kipande cheupe cha boksi la stairofomu lililokuja na friji. Mfuko wa maharage kwenye dirisha la gari hutuliza lenzi ndefu kuliko stendi ya bei rahisi. Flashi za mkono kama Yongnuo YN560 au Godox TT600 zinafanya kazi ya flashi za kampuni za kamera kwa sehemu ndogo ya bei, mradi ukubali kujifunza kupima mwanga mwenyewe. Kwa kusafisha picha, darktable na RawTherapee ni za bure kwenye kompyuta, Snapseed ni ya bure kwenye simu.

Kamera ikianza kujilipa

Utafika wakati mtu atakuomba umpigie mahafali, na atataka kukulipa. Pokea. Dada anayeuza vitenge mtandaoni anahitaji picha safi za mzigo mpya, na dirisha lako la asubuhi pamoja na ile 50 vinatosha kabisa. Pesa hiyo usiichanganye na ya nyumbani wala usiitumie kwa soda. Iende kwenye mfuko wa kamera, inunue lenzi inayofuata. Hivyo ndivyo nilivyopata lenzi yangu ya tatu na ya nne, mshahara haukuzigusa.

Lakini weka mpaka. Mimi sipokei zaidi ya kazi mbili kwa mwezi. Rafiki yangu mmoja alianza kama mimi, akapokea kila send-off na kila kitchen party iliyomjia, na leo ana vifaa ambavyo sitavipata kamwe. Mwaka jana aliniambia hajapiga picha ya mama yake kwa miaka minne. Kama unataka biashara, ifanye kwa moyo wote, ni kazi ya heshima. Ila kama ulitaka picha, zilinde.

Kutunza ni sehemu ya bei

Nilisema bei ni ile inayopotea unapouza. Basi kila siku unayoitunza kamera unaipunguza bei yake. Pwani yetu unyevu unapanda kirahisi kupita asilimia 70, na fangasi anaota vizuri katika hali hiyo, hasa gizani, hasa ndani ya mkoba wa ngozi. Usiihifadhi lenzi kabatini na nguo. Nunua chombo cha plastiki cha jikoni chenye mpira kwenye mfuniko, kile kisichopitisha hewa. Ndani weka silika jeli, zile punje zinazokuja kwenye maboksi ya viatu, za kutosha kujaza kikombe cha chai. Ukipata kipimo kidogo cha unyevu kiweke humo, kisome kati ya asilimia 40 na 50. Punje zikichoka, zikaushe kwenye oveni kwa moto mdogo na uzirudishe. Mchele usitumie, unaacha vumbi. Na muhimu kuliko boksi: tumia lenzi. Inayotoka juani kila wiki haipati fangasi kirahisi.

Ukitoka ufukweni futa bodi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo cha maji baridi, kisha kikavu. Chumvi ya bahari inakula vyuma kimyakimya.

Neno kwa wenye familia

Usifiche bei. Najua wanaume wanaomwambia mke kwamba lenzi ya laki nane ni ya laki moja, kisha siku wanapouguliwa mke anauza kwa laki moja na nusu akidhani amepata faida. Mke wangu anajua bei ya kila kitu kilichomo kwenye lile boksi, bei ya kukiuza, na wa kumuuzia. Mwaka mtoto wetu alipolazwa, tuliuza lenzi moja ndani ya siku mbili kwa bei ya haki. Ilirudi baadaye, kwa mchezo mwingine. Akiba iliyomo kwenye kioo kizuri kilichotunzwa ni akiba ya kweli, mradi nyumba nzima inaijua.

Anza na daftari leo. Na siku utakapokwenda kununua, nenda saa nne asubuhi, jua likiwa limewaka, ukiwa na tochi na kadi yako mwenyewe mfukoni. Muuzaji akikwambia hana muda wa kusubiri uichunguze, rudi nyumbani na pesa yako.